Watu 276 na Makaburi ya Igoma

Kila mwaka inapofika tarehe 21 Mei, sisi tunaoishi Igoma hukumbuka mahali ambapo kwa siku nyingine tunapita bila kutazama. Tunaacha kelele za barabara ya Musoma, tunaacha biashara zetu, tunakwenda kwenye makaburi ya waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Mapadre na wachungaji huomba, masheikh nao huomba, kwa sababu maji hayakuchagua dini ya mtu. Maua huwekwa, kisha kila mtu hurudi nyumbani kwake.

Na kila mwaka hutokea mtoto anayeuliza swali lile lile: "Walikufa wangapi?"

Hapo ndipo sisi watu wazima tunaanza kutofautiana. Mmoja anasema zaidi ya mia tano. Mwingine anasema mia nane. Mwingine anasema walikaribia elfu moja. Hatutofautiani kwa sababu tumesahau. Tunatofautiana kwa sababu siku ile hakukuwa na mtu aliyewahesabu wote walipopanda. Makala haya yanahusu jambo hilo: kupanda chombo, kula chomboni, kushuka, na kuhesabiwa. Ni mambo madogo ya safari, lakini sisi tumejifunza kwa machozi kwamba imani hupimwa humo.

Tuanze mbali kidogo. Ziwa hili limekuwa barabara tangu zamani. Wakerewe, Wahaya, Wasukuma na Waganda walilivuka kwa mitumbwi kabla ya mgeni yeyote kuliandikia jina lake. Hata Injili ilifika huku kwetu na kuvuka ziwa kwa chombo. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Kageye, si mbali na Mwanza ya leo, mwanzoni mwa mwaka 1877. Walikuwa na boti iliyoitwa Daisy, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Mwezi Juni mwaka huo Shergold Smith na mwenzake Wilson wakavuka hadi Buganda. Kabla ya mwaka kwisha, Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe. Kwa hiyo tangu mwanzo kanisa la ufuko huu linajua kwamba kuvuka maji si jambo la kuchezea.

Baadaye zikaja meli za moshi. Ya kwanza kubwa, William Mackinnon, ililetwa vipande kutoka Uingereza na kushushwa majini Kisumu mwaka 1900. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji wetu ukawa mahali pa kukutana treni na meli. Mwaka 1961 ikaanza kazi MV Victoria, ambayo wazee wetu waliisifu kwa vyumba vyake na kwa utulivu wake majini. Mwaka 1979 ikaongezeka MV Bukoba, ya kuchukua abiria 430 na mizigo. Barabara ya kuzunguka kupitia Geita na Biharamulo ilikuwa ndefu na mbovu, hasa wakati wa mvua. Mtu wa Kagera aliyetaka kuja Mwanza kutibiwa, kusoma, kuuza au kuoa, alikuja kwa meli.

Wengi wetu tulisafiri hivyo. Meli iliondoka Bukoba jioni, ikapita Kemondo kupakia, ikalala njiani, ikafika Mwanza asubuhi. Waliokuwa na uwezo walilala vyumbani. Sisi wa daraja la tatu tulikaa kwenye mabenchi, na benchi likijaa tulikaa sakafuni, na sakafu ikijaa tulikaa juu ya mizigo. Mikungu ya ndizi ilikuwa kila mahali. Mtu aliamka usiku akajikuta ameegemea kuku wa jirani yake. Hakuna aliyelalamika sana, maana Waswahili husema safari si kulala nyumbani.

Wenye uzoefu walitufundisha namna ya kula. Mama aliyezoea ziwa hakumshibisha mtoto mafuta kabla ya kupanda. Alichemsha ndizi, akazifunga kwenye majani ya mgomba, akachukua karanga kidogo na chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi. Alikula mapema, kabla upepo wa usiku haujaanza, na alikula kidogo. Kijana mgeni wa meli alinunua chapati tatu na nyama ya kukaanga pale gatini, akala zote kwa furaha ya safari, na ilipofika usiku wa manane alikuwa ameinama kwenye ukingo akimwita Mungu wake. Yule mama hakumcheka. Alimpa chai na kipande cha ndizi kilichopoa, akamwambia, "Mwanangu, kula hiki polepole. Tumbo tupu nalo linatapika." Tulivuka ziwa tukiwa tumelishwa na watu tusiowajua majina. Ule ulikuwa ushirika wa kweli, ingawa hatukuuita hivyo.

Lakini tukubali pia habari ya kupanda na kushuka, maana hapo hatukuwa watu wazuri. Kupanda kulikuwa kusukumana. Meli ikiwa imejaa, tulitafuta njia. Tulimwomba mtu tunayemfahamu. Tulipitisha mzigo kwanza, kisha tukaufuata kwa kisingizio kwamba hatuwezi kuuacha. Tukishaingia, tulipata mahali pa kusimama, tukafuta jasho, tukasema, "Bwana asifiwe, tumepata nafasi." Tulimshukuru Mungu kwa nafasi ambayo haikuwepo. Tulipoona wengine wakiingia baada yetu tulinung'unika kwamba meli imezidiwa, kana kwamba ilianza kuzidiwa nyuma yetu.

Na kushuka kulikuwa vivyo hivyo. Mawe ya Mwanza yakianza kuonekana asubuhi, watu wote walisimama. Kila mmoja alijitwika mzigo wake na kuelekea upande wa gati, ili awe wa kwanza kufika kwa wachukuzi. Wafanyakazi wa meli walipiga kelele, "Rudini! Kaeni!" Hatukurudi. Mtu aliyepita usiku mzima bila kulalamika hakuweza kusubiri dakika kumi za mwisho. Hatukujua, au hatukutaka kujua, kwamba chombo kilichojaa kikiegemezwa na miguu ya watu wote upande mmoja kinaweza kushindwa kurudi wima.

Jumanne tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Orodha ya abiria ilionyesha watu 443 wa daraja la kwanza na la pili. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ukilinganisha na ule uwezo wa watu 430, unaona kwamba meli ilikuwa imejaa kwa orodha peke yake, kabla hujamhesabu mtu hata mmoja aliyekaa juu ya mikungu ya ndizi.

Meli haikuzama papo hapo. Ilielea tumbo likiwa juu, na ndani yake walikuwemo watu hai, waliopata hewa iliyobaki. Waliokuja kuokoa walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa ile ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, meli ikazama nao. Jambo hili linatuuma hadi leo, kwa sababu waliotoboa walikuwa na nia njema. Tulijifunza kwamba huruma isiyo na maarifa inaweza kukosa lengo lake. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Baadaye baadhi ya wahusika, akiwemo nahodha, walifikishwa mahakamani. Miili ililetwa siku baada ya siku, mingine ikiwa haitambuliki tena, na wengi wakalazwa hapa Igoma.

Kwenye mazishi tulisema maneno tuliyozoea. Tulisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Tulisema, "Ajali haina kinga." Tulisema hivyo kwa upendo, kwa sababu mfiwa anahitaji neno la kushika, na hatukuwa na lingine. Hatuwalaumu waliosema. Ni sisi wenyewe tuliosema. Lakini miaka imepita, na sasa tunaona ni wajibu wetu kulichunguza neno hilo mbele za Mungu. Je, ilikuwa kazi ya Mungu? Je, haikuwa na kinga?

Tulipata msaada mahali ambapo hatukutarajia, katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Tulikuwa tumeisoma sura hii mara nyingi kama habari ya ujasiri wa Paulo. Safari hii tuliisoma kama abiria wa daraja la tatu.

Luka anaisimulia safari hiyo akisema "sisi", kwa kuwa naye alikuwemo. Meli ilikuwa ya Aleksandria, imebeba ngano, inakwenda Italia. Majira yalikuwa yamekwisha kuharibika. Paulo aliwaonya kwamba safari itakuwa na hasara ya mizigo, meli na maisha ya watu. Akida aliyemlinda akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye meli. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakadhani wameshinda, wakang'oa nanga. Tunaifahamu hali hiyo. Ziwa likitulia jioni pale Kemondo, nani anataka kusikia habari za uzito?

Kisha dhoruba ikaja. Wakatupa mizigo, wakatupa na vyombo vya meli. Jua wala nyota hazikuonekana kwa siku nyingi. Malaika wa Mungu akamwambia Paulo kwamba hakuna atakayepotea. Sasa tazama, ndugu msomaji, Paulo alifanya nini na ahadi hiyo. Hakukaa akisema kwa kuwa Mungu ameahidi basi yote ni heri. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, alimwambia akida kwamba watu hawa wasipokaa melini hakuna atakayeokoka. Ahadi ilikuwa imetolewa, lakini mafundi walihitajika kubaki kazini.

Usiku wa kumi na nne ulipokaribia kupambazuka, Paulo akawasihi wote wale chakula. Aliwaambia ni kwa ajili ya wokovu wao. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila kula, na mtu asiye na nguvu hawezi kuogelea. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akamega, akala. Nao wakatiwa moyo, wakala. Na hapo hapo, katikati ya kula, Luka anaandika idadi: walikuwa watu 276.

Tulipofika hapo tulinyamaza. Kwa nini Luka aliweka idadi mahali hapo? Mwandishi mwingine angeitaja mwanzo wa safari, penye habari za meli na mzigo. Luka anaitaja penye chakula. Sisi tunaelewa hivi: anayegawa chakula ndiye anayejua kuna watu wangapi. Mama wa nyumbani haulizi takwimu, anajua sahani. Katika meli ile walikuwemo askari, mabaharia, wafungwa na abiria. Wafungwa walikuwa watu ambao muda mfupi baadaye askari walipanga kuwaua wasije wakatoroka. Hata hao walihesabiwa. Hakukuwa na daraja la watu wasio na orodha.

Walipokwisha kushiba, waliipunguza meli uzito kwa kuitupa ngano baharini. Walitupa mzigo ili wabaki na watu. Kisha meli ilipokwama, akida akatoa amri ya kushuka kwa utaratibu: wanaojua kuogelea watangulie, wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya meli. Wote wakafika nchi kavu, nchi iliyoitwa Malta. Na Luka aliweza kusema "wote" kwa sababu alikuwa amehesabu. Asiyehesabu mwanzoni hana haki ya kusema "wote" mwishoni.

Hilo ndilo lililotuchoma. Meli ya Paulo ilivunjika kabisa. Mungu hakuizuia dhoruba, wala hakuiokoa meli. Wokovu wao ulipitia kwenye mambo ya kawaida: kusikia onyo ingawa kwa kuchelewa, mafundi kubaki kazini, kula kwa kiasi na kwa wakati, kutupa mzigo, kuhesabu watu, kushuka kwa zamu. Sisi tulikuwa na ziwa tulivu, gati karibu, na hatukufanya hata moja ya hayo. Kwa hiyo hatuwezi kusimama penye makaburi ya Igoma na kumwekea Mungu peke yake jina la kazi ile. Ni kweli kwamba uhai na kifo viko mikononi mwake. Lakini kukata tiketi isiyo na jina ni kazi ya mkono wa mtu. Kupakia kupita kiasi ni kazi ya mkono wa mtu. Kujipenyeza kwenye chombo kilichojaa ni kazi ya mguu wangu na wako.

Wengine watasema kwamba hata mataifa makubwa yalizamisha meli. Ni kweli. Titanic ilipozama mwaka 1912 walikufa zaidi ya watu 1,500, na mashua zake za kuokolea zilikuwa na nafasi za watu 1,178 tu wakati ndani walikuwemo zaidi ya 2,200. Lakini hata katika meli ile, maskini wa daraja la tatu walikuwa wameandikwa majina. Na baada ya msiba, mataifa yalikutana na mwaka 1914 yakakubaliana kanuni za usalama wa maisha baharini. Msiba uligeuzwa kuwa sheria. Swali kwetu ni kama machozi ya Igoma yaligeuzwa kuwa tabia.

Tarehe 20 Septemba 2018 tulipata jibu la kusikitisha. Kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kikielekea Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, mahali ambapo wanaosubiri ndugu zao waliweza kuona. Walikufa zaidi ya watu 220, na walionusurika walikuwa 41. Fundi mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili, tukamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini jumlisha mwenyewe hao waliokufa na walionusurika, kisha uangalie tena ile 101. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu MV Bukoba, na bado wapo waliokuwa chomboni ambao idadi yao ilijulikana kwa kuhesabu majeneza.

Leo mambo mengine yamebadilika. MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020. Mwaka 2023 meli mpya, MV Mwanza, ilishushwa majini hapa kwetu, ya kuchukua abiria 1,200. Mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na foleni ya kivuko pale ikawa historia. Tunafurahi na kushukuru. Lakini meli ya watu 1,200 inaweza kupakiwa 2,000 kama meli ya 430 ilivyopakiwa. Na visiwani, mitumbwi na boti bado zinabeba watoto wa shule, wagonjwa, na kwaya zetu zinazokwenda mikutano ya Injili zikiwa zimejazana na vyombo vya muziki.

Kwa hiyo sisi tumekubaliana mambo machache, na tunayaandika hapa ili mtu mwingine naye ayachukue. Tukisafiri kama kanisa, mzee mmoja ataandika majina yote, na nakala itabaki nchi kavu kwa mtu asiyesafiri. Tutahesabiana tukipanda, tutahesabiana tukila, tutahesabiana tukishuka. Kila mmoja atavaa boya, hata kama linaharibu sare. Tutakula kidogo na mapema, na atakayekuwa na chakula atamtazama jirani asiyekuwa nacho. Chombo kikikaribia gati tutakaa mpaka tuambiwe tusimame, wazee na wenye watoto watangulie. Na chombo kikiwa kimejaa, hatutasema "Bwana asifiwe, tumepata nafasi." Tutashuka. Kushuka kwenye chombo kilichojaa, ukiwa umekwisha kulipa nauli na mzigo wako uko ndani, ni jambo gumu kuliko maombi mengi tuliyowahi kuomba. Tumelijaribu mara moja, wakati wa mkutano wa visiwani. Tulichekwa. Tukalala gatini, tukala ndizi zetu, tukavuka asubuhi. Tulikuwa 34 tulipoondoka, na tulikuwa 34 tuliporudi.

Mwakani tarehe 21 Mei tutakwenda tena makaburini. Mtoto atauliza tena, "Walikufa wangapi?" Hatutakuwa na jibu, na tutamwambia ukweli huo. Kisha tutamwambia idadi moja tunayoijua, ya meli ya Paulo, tumweleze ilihesabiwa wakati gani na na nani, na kwa nini ni vizuri kumjua kwa jina anayekaa karibu nawe melini.